Zamu Yetu ya Kukagua

Siku hizi kulipia maji, kununua umeme, kupokea mshahara na kutuma ada ya mtoto ni mambo ya kubonyeza simu. Kila anayebonyeza ameamini mtu fulani. Tukiulizwa ni nani, wengi tutataja benki au kampuni ya simu. Leo naomba tushuke chini zaidi ya hapo, hadi kwenye karakana ambamo programu hutengenezwa, maana kuna kazi kule inayokosa watu, na watu wenyewe ni sisi.

Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu mwenzake anaweza kuisoma. Maagizo hayo ndiyo msimbo chanzo. Simu haiyaelewi. Ili iyaelewe, lazima yapitie programu nyingine inayoitwa kompaila, ambayo huyageuza kuwa sifuri na moja tupu. Kwa hiyo programu nyingi kwenye simu yako hazibebi ule msimbo ulioandikwa kwa mkono. Kilichopo ni kile ambacho kompaila ilikitoa. Na kompaila nayo ni programu, iliyotengenezwa na kompaila iliyoitangulia, ambayo nayo ilikuwa na yake.

Mwaka 1984 jarida la Communications of the ACM lilichapa hotuba ya Ken Thompson. Yeye na Dennis Ritchie ndio waliobuni mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Marekani, na walikuwa wametunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983. Ungetarajia mtu wa namna hiyo asimulie alivyofanikiwa. Thompson alitumia nafasi ile kueleza namna ya kutega mtego.

Hatua ya kwanza ni rahisi. Chukua kompaila, uiongezee maagizo machache: ukiletewa programu inayodai jina na nywila kabla ya kumruhusu mtu aingie, tia humo nywila ya pili ninayoijua mimi peke yangu. Hila hii haidumu, kwa kuwa yeyote atakayefungua msimbo chanzo wa kompaila ataiona. Hatua ya pili ndiyo yenye hatari. Kompaila inafundishwa kutambua jambo moja zaidi: ikiletewa msimbo wa kompaila yenyewe, iyapachike humo maagizo yote mawili upya. Ukishaitengeneza mara moja tu, unayafuta maagizo kwenye msimbo chanzo. Sasa msimbo ni msafi kabisa. Mkaguzi atausoma mstari kwa mstari, ataridhika, atatengeneza kompaila mpya kwa kutumia ile ya zamani, na mtego utajirudia humo bila kuandikwa popote panaposomeka.

Aliyewahi kugandisha maziwa kwa kibuyu atanielewa haraka. Maziwa mapya humiminwa juu ya mabaki ya jana, na chachu ya jana ndiyo inayogandisha ya leo. Mabaki yakiharibika, ng'ombe awe mzima na mkamuaji awe amenawa mikono mara tatu, mgando wa leo utaharibika na wa kesho vilevile. Na ukienda kumkagua ng'ombe hutaona kitu.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Paul Karger na Roger Schell walikuwa wameligusia mwaka 1974 walipokuwa wakiupima usalama wa mfumo wa Multics kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Lakini kwa miaka mingi wengi waliliona kuwa fumbo la wasomi, la kuwasumbua wanafunzi darasani. Mwaka 2009 kikatokea kirusi kilichoitwa Induc, kikiingia kwenye kompyuta za watu waliotumia Delphi kutengeneza programu, na kuanzia hapo kila programu waliyoitoa ilitoka nacho. Kwa bahati, kirusi chenyewe hakikuwa na kazi zaidi ya kujieneza. Kilichochekesha ni kwamba hata programu za wezi wa benki zilikutwa zimeambukizwa: wezi nao waliiamini kompaila yao.

Mwaka 2015 kicheko kilipungua. Watengenezaji wa programu za iPhone nchini China walikuwa wakihangaika kupakua Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu hizo, kwa sababu faili lake ni kubwa na kulivuta kutoka seva za nje kulichukua muda mrefu mno. Mtu akaweka nakala kwenye huduma ya kuhifadhi faili ya Baidu, na nakala ile ilishuka upesi. Ilikuwa imechezewa, baadaye ikapewa jina la XcodeGhost. Kila programu iliyotengenezwa kwa nakala hiyo ilibeba msimbo wa ziada wa kukusanya taarifa za simu na kuzituma nje, na programu hizo zilipita ukaguzi wa Apple zikaingia dukani, toleo moja la WeChat likiwemo. Walioziandika hawakujua lolote. Sisi tunaohesabu megabaiti za bando, tunaopokezana programu kwa flashi, tusijifanye hatukielewi kishawishi kile.

Miaka mitano baadaye, Desemba 2020, ikagundulika kwamba wadukuzi waliingia kwenye karakana ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani na kupanda humo programu iliyokuwa ikivizia. Kila mara zana ya kutengenezea ilipoanza kazi, programu ile ilibadilisha faili moja la msimbo kwa muda mfupi, kisha ikalirudisha kama lilivyokuwa. Wateja wapatao 18,000, ofisi za serikali zikiwemo, walipakua matoleo yenye sumu hiyo wakiamini ni masasisho ya kawaida.

Tukio ambalo mimi sijaacha kulitafakari, hata hivyo, ni la xz.

Jina xz halimwambii kitu mtu wa kawaida. Ni programu ndogo ya kubana faili ili zichukue nafasi kidogo, nayo imo karibu katika kila mfumo wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za dunia. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, bila malipo. Mwaka 2022 Collin aliandika hadharani kwamba matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yalikuwa yakipunguza kasi yake. Tayari alikuwa amejitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akileta marekebisho madogo yenye manufaa, kwa upole na kwa bidii. Pembeni, majina mengine yasiyojulikana yakawa yanamwandama Collin kwa barua: mbona kazi inachelewa, mbona hukabidhi kwa mwenye nafasi? Baadaye majina hayo yalitoweka, na wengi waliochunguza wanashuku kwamba yalipangwa pamoja. Collin akakubali msaada. Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya, na Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0.

Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri, na namna ulivyofichwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Sumu yenyewe iliwekwa kwenye faili mbili za majaribio. Baadhi ya faili za aina hiyo huwa na data iliyoharibiwa makusudi ili kupima kama programu itaushtukia uharibifu. Ni nani atakayeshangaa kukuta takataka kwenye faili lenye jina linalosema humu mna takataka? Halafu maagizo ya kuziamsha faili hizo hayakuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huisoma. Yalikuwemo tu katika furushi la toleo, lile ambalo wasambazaji wa Linux hulichukua kwenda kutengenezea programu. Wakati wa kutengeneza, maagizo yalifungua faili, yakatoa kipande cha msimbo kilichokwisha kugeuzwa, yakakishona ndani ya maktaba ya xz. Kutoka hapo, kwenye mifumo kama Debian na Fedora, kikafika hadi sshd, lango ambalo wasimamizi wa seva hulitumia kuingia wakiwa mbali. Mwenye ufunguo mmoja maalumu angeiamuru seva ifanye atakalo bila hata kuulizwa nywila.

Aliyeushtukia ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo akaona sshd inakula nguvu za kompyuta kuliko kawaida. Kuingia kulikochukua sekunde 0.3 sasa kulichukua 0.8. Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea na chai. Freund akafukua tabaka baada ya tabaka, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akatoa taarifa kwa umma. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora; yale ya kudumu, ambayo mashirika huyategemea, ilikuwa bado haijayafikia.

Watu walimshangilia Freund, na anastahili kila shangwe. Mimi mawazo yangu yako kwa Collin. Kampuni tajiri zilikuwa zikitumia kazi ya mikono yake kila sekunde, na barua alizokuwa akizipata zilikuwa za kumlaumu. Aliyemtendea vyema ni yule aliyekuja kumwibia. Tungekuwa tumemzunguka watu watatu wanne wa kweli, wa kumpokea mzigo, kumwuliza hali na kusoma mabadiliko pamoja naye, Jia Tan angepitia wapi? Ombi langu la kwanza, basi, linaweza kutimizwa hata na asiyejua kuandika msimbo. Unapotumia programu iliyotolewa bure na ukaona kasoro, andika kwa adabu, kama unavyomwandikia mtu mzima anayekusaidia kwa hiari yake. Andika pia siku ambayo hakuna kasoro, kumshukuru. Na ninyi wenye kampuni, mnaouza huduma juu ya migongo ya watunzaji hawa, tengeni fungu kwenye bajeti kwa ajili yao, au mruhusu wahandisi wenu wafanye kazi hiyo ndani ya saa mnazowalipa.

Sasa kuna habari njema, na ndiyo iliyonipa moyo wa kuandika. Mtego wa Thompson una dawa. Mwaka 2005 David A. Wheeler alieleza njia ya kuunasa, na mwaka 2009 akaithibitisha katika tasnifu yake ya udaktari. Tafuta kompaila ya pili, iliyoandikwa na watu wengine kabisa, hata ikiwa ya polepole. Itumie kutengeneza msimbo wa kompaila unayoishuku. Utakachopata, kitumie kutengeneza msimbo uleule kwa mara nyingine. Kisha linganisha matokeo na kompaila ya mwanzo, biti kwa biti. Zikilingana, kompaila yako ni ile iliyoandikwa kwenye msimbo wake. Zikipishana, kaa chini uulize kwa nini. Mtegaji sasa atalazimika kuwa ametega mtego uleule kwenye koo mbili zisizojuana.

Njia hii inadai kitu ambacho zamani hakikuwepo: kwamba msimbo mmoja ukitengenezwa mara mbili utoe kitu kilekile. Kwa kawaida haikuwa hivyo. Programu ilibeba saa na tarehe ya kutengenezwa, jina la folda, au mpangilio wa faili kwenye diski ya aliyeitengeneza. Tangu 2013 watu wa Debian wamekuwa wakizing'oa tofauti hizo moja baada ya nyingine, na mradi wa Reproducible Builds umeipeleka kazi hiyo kwenye mifumo mingine mingi. Faida yake ni kubwa: aliye Morogoro au Kisumu, kwa kompyuta yake mwenyewe, anaweza kutengeneza programu na kuthibitisha kwamba ile anayoipakua kutoka ng'ambo ndiyo hiyohiyo. Akikuta imepishana, anapiga yowe. Programu ya ujumbe ya Signal kwenye Android imekuwa ikiruhusu uthibitisho wa aina hii tangu 2016.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakalitafuta lile tone la kwanza la chachu. Mwaka 2023 mradi wa GNU Guix ulitangaza kwamba unaweza kujenga mfumo wake kuanzia programu moja ya baiti 357, fupi kiasi cha mtu kuisoma yote na kuielewa. Baiti moja ni kama herufi moja. Aya hii ni ndefu kuliko mbegu hiyo. Kutoka kwenye mbegu ile inajengwa zana ndogo, na zana ile inajenga iliyo kubwa kidogo, mpaka kufikia kompaila kamili. Sijui kazi ya ufundi iliyonifurahisha kuliko hiyo katika miaka ya karibuni.

Haya yanatuhusu kwa karibu. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zinatumia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu kutoka zahanati na hospitali. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, una mizizi Eldoret. Kwa hiyo mnyororo huu wa utengenezaji wa programu unafika hadi kwenye kadi ya kliniki ya mama mjamzito, na sisi Waafrika Mashariki tuna haki ya kuukagua na pia tuna mkono katika kuutengeneza.

Tuanze na simu. Kwenye makundi yetu huzunguka matoleo ya WhatsApp yaliyoongezwa manjonjo, ya kuficha kwamba umesoma ujumbe au kubadili rangi. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp likiwa na Triada, programu hasidi inayoweza kuvuta programu nyingine hasidi na kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Ukiletewa faili la aina hiyo na rafiki, rafiki yako ni mwema, lakini yeye hakulitengeneza. Na kijana wa dukani anayekuwekea programu za simu mwambie kwa upole: chukua kutoka duka rasmi la programu, kijana wangu, hata kama bando litaisha.

Ninyi wanafunzi na mafundi mnaotumia zana za kutengenezea programu, zipakueni kwa wenyewe. Chuo kikiwa na intaneti dhaifu, mmoja apakue kwa wote, kisha kila mtu alipime faili lake: andika sha256sum na jina la faili, itatoka safu ya herufi na tarakimu 64, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Ikipishana hata alama moja, futa. Lakini tusidanganyane. Kwenye xz kipimo hiki kisingesaidia, kwa kuwa aliyechezea furushi ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kulitia saini. Kipimo kinakulinda dhidi ya nakala ya njiani, ile ya XcodeGhost. Msaliti aliye ndani anahitaji macho ya watu wengi.

Waheshimiwa wa bodi za zabuni, ninyi mnanunua mifumo ya halmashauri, shule na hospitali kwa fedha zetu. Baada ya SolarWinds, Mei 2021, Rais wa Marekani alitoa amri iliyoagiza miongozo ya kuzitaka kampuni zinazoiuzia serikali ya nchi hiyo programu ziwe na orodha ya vipande vilivyomo ndani yake. Nasi tuiandike hiyo kwenye masharti ya zabuni, pamoja na msimbo chanzo, pamoja na maelekezo ya kuutengeneza, na siku ya makabidhiano mtaalamu wetu akae autengeneze mbele ya mkandarasi aone kama kinachotoka ndicho kilichosakinishwa. Mkandarasi mwaminifu atakereka kidogo, kisha atazoea.

Ombi kubwa nimeliweka kwa wahadhiri wa kompyuta, Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Makerere na Kigali. Kila mwaka wanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho hutengeneza mifumo ya kusimamia maktaba ambayo haitumiwi na mtu. Wapeni kitu kingine. Wagaweni wawili wawili, kila kundi lichukue kifurushi kimoja cha Debian, likitengeneze kwenye kompyuta mbili zilizowekwa tarehe tofauti na lugha tofauti, kisha likapitishe matokeo kwenye diffoscope, zana huria inayoonyesha hasa mahali ambapo mafaili mawili yanapishana. Watafute chanzo cha tofauti, waandike kiraka, wakitume kwa mtunzaji, kwa barua yenye salamu na maelezo. Kikikubaliwa, jina la mwanafunzi litabaki kwenye kumbukumbu za kifurushi hicho, na mwajiri yeyote duniani ataweza kulisoma. Orodha ya vifurushi ambavyo bado havijalingana iko hadharani, vingi vikiwa vimeandikiwa sababu inayodhaniwa. Chagueni vidogo, vyenye kurasa chache za msimbo, muanze navyo muhula huu.